Taa Haiwaki, Inachezacheza, au Inawaka Ikiwa Imezimwa: Jinsi ya Kutafuta Kosa Lilipo

Taa ikigoma, wengi hukimbilia dukani. Globu mpya inanunuliwa, inafungwa, inawaka wiki mbili, nayo inakufa, na muuzaji anasingiziwa kuuza feki. Pengine ni feki kweli. Lakini globu ni kituo kimoja tu cha safari ndefu: umeme unatoka kwenye mita, unapita breka, swichi, kiungo kilichofichwa juu ya dari, kisha holda, ndipo unafika kwenye globu na kurudi kwa waya wa nyutro. Kila aina ya taa ina namna yake ya kulalamika. Ukiijua, utajua ni kituo gani kimeharibika kabla hujatoa pesa mfukoni. Vipimo vya humu ni vya umeme wa kwetu: volti 230 Tanzania, 240 Kenya, hezi 50.

Kabla ya kufungua chochote

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Baadhi ya nyumba zimefungwa kinyume, swichi inakata nyutro badala ya waya wa moto, kwa hiyo holda inabaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Ijaribu testa kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha shusha breka ya taa (au meni swichi, kama huna hakika breka ipi ni ya wapi), ndipo uguse holda kwa testa hiyohiyo. Ukiruka hatua ya kwanza, testa iliyokufa itakudanganya kwamba waya hauna umeme. Simama juu ya stuli kavu, viatu miguuni. Kubadili globu, stata (kiwashio kidogo cha tyubu) au holda, mtu makini anaweza. Kubadili njia za waya ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA.

Taa moja tu haiwaki, nyingine zote zinawaka

Ifungue globu, ifunge kwenye holda ya chumba ambacho taa yake inawaka. Ikiwaka huko, globu ni nzima, kosa ni holda au swichi. Isipowaka, lete ile nzima huku. Usiishie nusu ya jaribio hili, kwa sababu mara nyingi globu na holda huwa mbovu pamoja: holda ndiyo iliyoiua globu, na itaiua na inayofuata.

Holda ya pini (B22) ina vipini viwili vidogo vya shaba vyenye springi ndani. Miaka ya kupikwa na joto la globu za zamani hulegeza springi, kipini kinabaki chini, mguso unakuwa wa kubahatisha. Chungulia kwa tochi: ncha ya kipini itakuwa nyeusi. Geuza globu uangalie vidoa viwili vya risasi kwenye kitako chake. Ukikuta kishimo kidogo kilichoungua katikati ya kidoa kimoja, hapo palikuwa na cheche. Kukwangua kwa kisu hakuponyi kitu, maana springi imeshachoka. Badili holda.

Holda ya skrubu (E27) ina ulimi wa chuma katikati, chini kabisa. Globu ikikazwa kwa nguvu kila mara, ulimi unalala na haugusi tena. Umeme ukiwa umekatwa kwenye breka, uinue kwa bisibisi nyembamba milimita mbili au tatu. Ukiwa hapo, angalia na waya zilivyofungwa: wa moto uende kwenye ulimi wa katikati, nyutro kwenye ukuta wenye nyuzi. Mafundi wa haraka huzigeuza, taa inawaka vilevile, lakini ukuta huo ndio kidole hugusa mtu anapofunga globu.

Holda ikiwa nzima, nenda kwenye swichi. Swichi inayokwaruza, au yenye joto ukiishika, ina skrubu iliyolegea nyuma. Taa ya ngazi yenye swichi mbili ina kisa chake: ikiwa inawaka pale tu swichi ya chini inapokaa mkao fulani, mtu alibadili swichi moja akachanganya waya wa COM (tundu la pamoja la swichi) na L1 au L2 (matundu ya nyaya mbili zinazounganisha swichi hizo). Nyaya zote tatu zinafanana, kwa hiyo weka alama ya teipu kwenye wa COM kabla hujafungua swichi ya zamani.

Breka inaanguka

Njia ya taa huwa na waya wa milimita mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Muda wa kuanguka unaeleza mengi. Ikianguka papo hapo unapowasha, ni shoti, na mara nyingi iko ndani ya holda au kwenye taa ya nje. Fungua na kifuniko cha taa ya dari: mijusi hupenda joto la humo, na mmoja aliyekaukia kati ya moto na nyutro anatosha kuzima nyumba. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi. Tafuta nani ameunga soketi ya pasi kwenye waya wa taa. Ikiwa inayoanguka ni ile yenye kitufe cha kujipima, umeme unavuja kwenda kwenye athi (ardhini), na ikitokea baada ya mvua anza na taa za nje.

Kuitafuta yenye kosa: zima swichi zote za taa, pandisha breka, kisha washa moja moja. Inayoiangusha ndiyo hiyo. Ikianguka swichi zote zikiwa zimezimwa, kosa liko kwenye waya kabla ya swichi, na hapo muite fundi. Usikubali ushauri wa kuweka breka ya ampea 20 “ili isisumbue”. Kwa breka hiyo waya wa 1.5 unaweza kuungua juu ya dari, na breka isishtuke.

LED inawaka hafifu ikiwa imezimwa, au inametameta usiku

Hili huwatisha watu. Wengine husema nyumba ina mambo. LED inahitaji umeme kidogo sana ili ionyeshe mwanga. Globu ya waya (ile ya zamani yenye uzi unaong’aa kwa joto) iliyokuwa pale ilikuwa ikipata umeme huohuo, ila haukutosha kuipasha moto. Sababu ziko tatu.

Ya kwanza na mbaya zaidi: swichi inakata nyutro. Pima hivi. Zima swichi, toa globu, gusa vipini vyote viwili vya holda kwa testa. Testa ikiwaka wazi kwenye kimoja, moto unafika kwenye holda bila ruhusa ya swichi. Rekebisho ni kurudisha waya wa moto kwenye swichi, na ni la lazima, si kwa ajili ya LED bali kwa ajili ya mtu atakayebadili globu akiamini amezima.

Ya pili: swichi ina kataa kadogo chekundu cha kuonyesha mahali ilipo gizani. Kataa hako hupata umeme wake kupitia globu yenyewe. Kakate, au nunua swichi isiyo nako.

Ya tatu: waya mrefu wa swichi mbili za ngazi unaolala sambamba na waya wenye moto hurithi umeme kidogo bila kugusana nao. Dawa ni kapasita ya daraja X2, mikrofaradi 0.1, volti 275, iliyounganishwa mfululizo na rezista ya omu 100, na vyote viwili vifungwe sambamba na taa. Huuzwa vikiwa vimeunganishwa tayari ndani ya kiboksi kidogo. Kapasita isiyo na alama ya X2 usiifunge kwenye umeme wa nyumba.

LED inawaka dakika mbili, inazima, inawaka tena

Mpangilio huu, kama saa, ni wa globu yenyewe. Ndani kuna vidonge vya LED vilivyofungwa mfululizo kama shanga. Kimoja kikiwa na uzi uliochoka, joto linautanua, unaachana, taa yote inazima. Kikipoa uzi unagusa tena. Ukibandua kifuniko cheupe, kidonge chenye kidoti cheusi katikati ndicho. Vijana wa mtaani hukiruka kwa tone la risasi, na taa inawaka. Lakini vilivyobaki vinagawana volti za marehemu, vinapata joto zaidi, na baada ya muda kingine kinafuata. Kwa taa ya stoo, sawa. Kwa taa ya sebuleni, nunua nyingine.

Ikichezacheza bila mpangilio, hasa upepo ukivuma au mlango ukibamizwa, kosa ni kiungo kilicholegea: holda, konekta ya dari, au skrubu ya swichi. Ikichezacheza friji au pampu inapoanza, volti zinashuka. LED za bei ya chini hazina cha kuzuia hilo, zilizo na draiva (saketi ya ndani inayosawazisha umeme) nzuri huandikwa kwamba zinafanya kazi kuanzia volti 100 hadi 265 hivi. Ikichezacheza kwenye dima (swichi ya kupunguza mwanga), hakikisha boksi la globu limeandikwa inakubali dima. Dima za zamani pia hudai mzigo wa chini wa wati 40 au 60, na globu moja ya wati 7 haifiki hapo.

LED zikifa mara kwa mara mahali palepale, ukiwa umeshaikagua holda, angalia kifuniko. Taa za dari za kioo kilichofunga kabisa, zile za kuba, hufungia joto, na kapasita ndani ya globu ndiyo huumia: kwa kanuni ya mafundi wa elektroniki, kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, uhai wake unapungua kwa nusu. Weka globu ya wati chache au taa yenye mwili wa aluminiamu unaopumua.

Tyubu: ncha zinang’aa, katikati giza

Tyubu za fluoresenti bado zimejaa madukani, madarasani na maofisini, na ndizo zinazoeleza ugonjwa wake vizuri kuliko taa yoyote. Ili uzielewe, jua zinavyowaka. Umeme unapita choki (koili nzito ndani ya bati la taa), unaingia filamenti (uzi mwembamba) ya ncha moja, unapita stata, unarudi kwa filamenti ya ncha ya pili. Ndani ya stata bamba dogo la metali mbili linapinda kwa joto, linagusa, filamenti zinapata moto. Bamba linapopoa linaachia, na choki, kwa kukatwa ghafla, inatupa volti mamia kadhaa zinazowasha gesi ndani ya tyubu. Ikishawaka, tyubu ya wati 36 inabaki na volti kama 103 tu kati ya ncha zake, chache mno kuiamsha stata tena.

Basi ncha zote mbili zikibaki nyekundu bila taa kuwaka, stata imeganda, haiachii. Izungushe kinyume na saa robo ya mzunguko na kuichomoa taa ikiwa imewashwa, mkono ukiwa mkavu na ukigusa plastiki pekee. Tyubu ikiwaka wakati huohuo, umepata jibu.

Taa ikijaribu, ikafifia, ikajaribu tena bila kuchoka, angalia ncha. Weusi mzito wa sentimita tatu au nne unasema tyubu imezeeka, na stata mpya haitasaidia. Ncha zikiwa safi, badili stata, ukisoma namba yake: S10 (wati 4 hadi 65) ni ya tyubu moja kwa choki moja, S2 (wati 4 hadi 22) ni ya tyubu fupi mbili za wati 18 zilizofungwa mfululizo kwenye choki moja ya wati 36. Ukizibadilishana, taa itahangaika au haitawaka kabisa. Tyubu na stata zote zikiwa nzima, na shida ni ya saa moja usiku hadi saa nne, umeme ni mdogo: mtaa mzima unapika na kutazama runinga. LED itawaka mahali ambapo tyubu imeshindwa.

Ukimya kabisa, hata ncha haziwaki: pima pini mbili za ncha moja kwa mita ya fundi. Omu chache, filamenti nzima. Hakuna kitu, imekatika. Zikiwa nzima, pima choki, ambayo inapaswa kuonyesha makumi ya omu. Choki iliyopigwa shoti ndani ni hatari kwa mfuko: inaachia umeme bila kuuzuia, na tyubu mpya inakufa kwa mmweko mmoja. Ukiunguza tyubu mbili mfululizo, acha kununua tyubu. Choki inayovuma tu kama nyuki ina mabamba yaliyolegea. Kaza skrubu zinazoishikilia kwenye bati, kelele itapungua.

Swali linalofuata huwa ni kubadili kwenda LED. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na uagizaji wa tyubu za fluoresenti za kuangazia ukome ifikapo 2027, kwa hiyo ni swali la wakati. Tyubu ya LED ya wati 18, urefu wa milimita 1200, inachukua nafasi ya ile ya wati 36. Soma karatasi yake kabla ya kufunga. Aina ya choki ya chuma inakuja na stata yake ya pekee, ambayo ndani ni fyuzi tu: unatoa stata ya zamani, unaweka hiyo, basi. Aina ya umeme wa moja kwa moja inataka choki iondolewe. Baadhi hupokea moto na nyutro upande mmoja, nyingine moto upande huu na nyutro ule. Ukiifunga ya upande mmoja kwa mpango wa pande mbili, hutapata taa, na ukikosea zaidi utapata shoti. Ukishabadili nyaya, andika kwa kalamu nene ndani ya bati “LED TU”, ili anayekuja baada yako asichomeke tyubu ya zamani.

Tyubu ikivunjika, ina zebaki kidogo. Fungua madirisha, toka nje dakika kumi au kumi na tano, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na vumbi kwa teipu. Usifagie, ufagio unaitimua hewani. Enaji seva ni tyubu hiyohiyo iliyokunjwa, na hayo yote yanaihusu. Ikianza kunuka na kitako kuwa cha kahawia, itoe siku hiyohiyo.

Taa nyingine zinang’aa kupita kiasi, nyingine zinafifia

Hapa acha kusoma, nenda kazime meni swichi, kisha urudi. Mwanga unaopanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, kwenye jengo la fezi tatu au kati ya nyumba na nyumba, ni dalili ya nyutro kukatika au kulegea. Vifaa vya fezi mbili vinabaki vimefungwa mfululizo kwenye volti 400, na chenye mzigo mdogo ndicho kinachobeba volti nyingi. Runinga na chaja hufa kwanza.

Ndani ya nyumba ya fezi moja dalili ni tofauti: vyote vimezima, lakini testa inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Wengi husema “kuna moto mara mbili”. Hakuna. Nyutro imekatika, na moto unapita ndani ya friji au globu iliyowashwa hadi kwenye waya wa nyutro usio na pa kwenda. Usiuguse kwa kuuita nyutro. Ikiwa ni kabla ya mita, kwenye nguzo au kichwa cha waya, ni kazi ya TANESCO au Kenya Power, si ya fundi wa mtaa na ngazi yake.

Globu ya waya inaungua upesi

Uhai wake ni saa 1000 hivi, na volti zikizidi kwa asilimia 5 tu unabaki karibu nusu. Mtikisiko pia huiua: mlango mzito, feni ya dari, mashine ya kusaga. Mahali pake pa haki siku hizi ni palipo na haja ya joto, mfano kwenye banda la vifaranga, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake hugeuka joto. LED haitawapasha vifaranga. Globu ya joto ya wati 250 ifungwe kwenye holda ya kauri, ining’inizwe kwa mnyororo na si kwa waya wake. Holda ya plastiki italainika, globu ianguke kwenye maranda, na banda liungue.

Taa za nje na za sola

Taa ya ulinzi inayowaka na kuzima kila nusu dakika usiku inajiona yenyewe: mwanga wake unaipiga sensa, sensa inadhani kumekucha. Igeuze sensa itazame kando. Ikiwaka mchana kutwa, futa vumbi kwanza. Isipobadilika, mguso wa ndani umeganda. Unyevu ndani ya kioo cha taa iliyoandikwa IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) kwa kawaida umeingia kwa tundu la waya, kwa hiyo kaza nati ya plastiki inayobana waya na upinde waya uning’inie chini kidogo kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo.

Taa ya sola ya volti 12 inayofifia mwisho wa nyumba, huku ya karibu na betri ikiwaka vizuri, inaumwa na waya mwembamba. Kwa umbali wa mita 10 na ampea 2, waya wa milimita mraba 0.5 hupoteza volti 1.5 hivi, wa 1.5 hupoteza nusu volti. Ikizima saa tatu usiku wakati zamani ilifika alfajiri, tazama kivuli cha mwembe juu ya paneli kabla ya kulaumu betri. Na globu ya volti 12 yenye kitako cha pini au skrubu inafanana kabisa na ya nyumbani: soma maandishi, maana kwenye volti 230 hupasuka.

Inawaka vizuri, ila haikufai

Chumba kikiwa na giza baada ya kuhamia LED, hukulinganisha lumeni, yaani kiasi cha mwanga. Globu ya wati 60 ilitoa kama lumeni 700 hadi 800. LED ya wati 5 haifiki hapo, ya wati 9 inafika. Sebule ikionekana kama wodi, umenunua kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500, nyeupe yenye ubluu. Chukua 2700 au 3000, ya njano. Wadudu wakijaa barazani, rangi hiyohiyo ya njano itawapunguza, kwa kuwa mweupe wenye ubluu huwaita zaidi. Fundi seremala akiona msumeno wa duara kama umesimama kumbe unazunguka, ni taa inayopepesa mara 100 kwa sekunde: elekeza kamera ya simu, mistari ikipita kwenye picha, badili taa ya mashine hiyo leo. Na mteja wa kitenge akirudi kwa hasira kwamba rangi aliyoiona dukani siyo aliyofika nayo nyumbani, tafuta kwenye boksi la globu herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia: 80 inatosha jikoni, duka la vitambaa lichukue 90 na kuendelea.